Honda ATC, Reliant au Ape: ipi utaujua mwaka wake na ipi utaipatia spea

Wengi wanaotaka kufufua chombo cha zamani cha magurudumu matatu wanaanza na sura. Mtu kaona ka-Ape kamepauka rangi, kamelala nyuma ya gereji miaka na miaka, moyo umeshaenda, hela imeshatoka, halafu ndo anakumbuka kuuliza hii ni ya mwaka gani na pistoni yake inapatikana wapi. Mi nilishafanya hivyohivyo na ntawaambia yaliyonikuta, ila kwanza tuelewane kwamba swali la mwaka na swali la spea ni swali moja. Usipojua mwaka huagizi spea, unaagiza kitu kinachofanana na spea.

Nalinganisha vitatu ambavyo naona ndo vinagombaniwa. Kuna Honda ATC, ile pikipiki ya matairi mapana kama puto ya kuchezea mchangani na porini. Kuna Reliant ya Uingereza ambayo ni gari kabisa, lina milango na viti, ila mbele lina gurudumu moja. Na kuna Piaggio Ape ya Italia, bibi yake bajaji zote. Messerschmitt na Isetta, vile vigari vidogo vya Ulaya, ntazigusa kidogo tu maana hizo ni habari ya mifuko mingine.

Honda ATC

Honda walianza na US90 mwaka 1970, baadaye ikaitwa ATC90, zikafuata ndogo na kubwa mpaka zile za mashindano. Ziliuzwa sana Marekani, ajali zikawa nyingi, mwisho wa 1987 serikali ya kule ikawapeleka watengenezaji mahakamani na 1988 yakafikiwa makubaliano ya kuacha kuuza mpya za magurudumu matatu. Kwa anayetafuta mwaka hiyo ni bahati ya aina yake, maana mlango umefungwa mbele na nyuma, ATC ya soko la Marekani iko kati ya 1970 na 1987 na huna haja ya kuhangaika nje ya hapo.

Kuanzia modeli za 1981 namba ya fremu ina herufi na tarakimu 17, na ile ya kumi ndo mwaka. B ni 1981, C 1982, D 1983, E 1984, F 1985, G 1986, H 1987. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa humo kwasababu zinachanganya na 1 na 0, kwahiyo ukidhani umeona O ujue ni sifuri. Na huo ni mwaka wa modeli, yaani modeli ya 1985 inaweza kuwa ilitoka kiwandani 1984, usigombane na mtu kwa hilo, spea zinafuata mwaka wa modeli.

Sasa usidhani namba itakuwa inakusubiri inang'aa. Imegongwa kwenye chuma cha fremu, juu yake kuna matope, grisi na rangi ya kopo matabaka matatu ya wamiliki watatu tofauti. Graina usiiguse kabisa. Paka dawa ya kutoa rangi, iache ifanye kazi, sugua taratibu kwa brashi ya nailoni, kausha, halafu paka chaki nyeupe na ufute kwa kiganja, chaki itabaki ndani ya michirizi ya herufi tu. Zima taa, washa tochi na uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya chuma badala ya kukigonga usoni. Hapo ndo utaona ile uliyokuwa unaisoma 8 ni B.

Mi sikufanya hivyo. Nilinunua ATC200X, muuzaji akaniambia ya 1984, na stika zilikuwa za 1984 kweli, nikaamini stika. Nikaagiza seti nzima ya gaskiti. Siku ya kufunga naweka gaskiti ya chini ya silinda, matundu ya boliti yanakataa, nageuza, yanakataa, nikaanza kuwalaumu walioniuzia kwamba wameleta feki. Nikarudi kwenye fremu na chaki yangu, herufi ya kumi ni G. Yaani 1986. Na 200X ya 1983 mpaka 1985 siyo ya 1986 na 1987, Honda waliibadilisha injini na fremu, jina tu ndo lilibaki. Aliyeniuzia gaskiti alinipa sawasawa nilichoomba.

ATC250R nayo ina mpaka wake, ya 1981 mpaka 1984 inapozwa na upepo, ya 1985 na 1986 inapozwa na maji na ina gia sita. Hiyo angalau huwezi kukosea, rejeta utaiona.

Kwa zile za kabla ya 1981 hakuna herufi ya mwaka. Hapo unachukua namba ya fremu na namba ya injini unazilinganisha na katalogi ya spea ya Honda ambayo inaonyesha namba zilianzia wapi na kuishia wapi kwa kila toleo. Utakuta K0, K1, K2, na watu wanakosea sana hapa wakidhani K2 ni 1972. K ni toleo, linaweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja. Dalili nyingine ni magurudumu, ATC90 za mwanzo hazikuwa na rimu ya chuma kama tunayoijua, tairi likitoboka ni msiba, kufikia katikati ya miaka ya 70 ndo zikaja za chuma unazoweza kubadilishia tairi. Lakini gurudumu linahama kutoka mashine moja kwenda nyingine, namba iliyogongwa haihami.

Kwenye spea ndo Honda wanapowapiga wenzao bao. Namba ya spea ina mafungu matatu, tarakimu tano, halafu tatu, halafu tatu. Tano za mwanzo zinakwambia ni kitu gani: 13101 ni pistoni, 13011 ni seti ya ringi, 12251 gaskiti ya silinda hedi, 12191 gaskiti ya chini ya silinda. Tatu za katikati ni kodi, yaani alama, ya modeli ambayo hiyo spea ilibuniwa kwa ajili yake mara ya kwanza. Tatu za mwisho ni toleo, mara nyingi zikibadilika ni kwamba mpya imechukua nafasi ya zamani. Ukishaelewa hilo unaanza kucheka peke yako, kwasababu unakuta kitu ndani ya ATC kina kodi ya pikipiki ya barabarani, na hiyo pikipiki ilitengenezwa kwa wingi, kwahiyo unatafuta spea kwa jina la pikipiki na siyo kwa jina la ATC ambalo likitajwa tu bei inaruka. ATC70 na ATC90 zina injini za kulala zilizotoka ukoo mmoja na vipikipiki vidogo vya Honda vya wakati ule, CT70 na CT90, na hiyo injini ndogo ya kulala imekopiwa na viwanda vya China mpaka basi.

Ubaya wake? Plastiki. Madigadi yaliyopasuka, tanki, siti, hivyo ndo vinakula hela, na kwa 250R yenye maji mashabiki wamepandisha kila kitu. Halafu jingine, ekseli ya nyuma haina difu, ile inayoruhusu matairi mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti kwenye kona, mashine inataka uegemee ndio ikate kona, na mguu ukiushusha chini tairi la nyuma linaudaka. Fufua, ila jifunze kuiendesha upya hata kama ni bingwa wa pikipiki.

Reliant

Hii ilitengenezwa Tamworth, Uingereza. Regal ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 50, Robin ikaichukua nafasi 1973, Rialto 1982. Zilipendwa kule kwasababu gari la magurudumu matatu lenye uzito mdogo lilihesabiwa karibu na pikipiki kwenye kodi na leseni.

Mwaka wa Reliant unaujua kwa injini na bodi kwanza, makaratasi baadaye. Regal za kwanza, Mk I mpaka Mk VI, zilitumia injini ya valvu za pembeni ya 747cc ya ukoo wa Austin 7. Mwaka 1962 ikaja Regal 3/25 na injini ya Reliant wenyewe ya aluminiamu tupu, kama 600cc, 3/25 ikimaanisha magurudumu matatu na nguvu 25. Mwaka 1968 ikawa 3/30 na 701cc. Robin ya 1973 ikaanza na 748cc, na 1975 ikapanda 848cc. Sasa tazama huo mtego, 747 na 748. Kwenye tangazo la kuuza spea ni cc moja tu na muuzaji asiyejua anaandika yoyote inayomjia, lakini moja ni chuma cha zamani cha valvu za pembeni na nyingine ni aluminiamu yenye valvu za juu, hata nati haziingiliani. Usiagize Reliant kwa cc, agiza kwa picha ya injini uliyonayo na namba yake.

Bodi nayo inaongea. Fibaglasi kamili ilianza na Mk III mwaka 1956, kabla ya hapo ilikuwa mbao na bati la aluminiamu. Regal 3/25 utaijua kwa kioo cha nyuma kilichoinamia ndani, kama kinakimbia mvua.

Pleti za namba za Uingereza zinasaidia lakini zinadanganya kidogo. Kuanzia 1963 herufi ya mwisho ilionyesha mwaka, na kuanzia 1967 ilikuwa inabadilika kila Agosti, mfano M ni Agosti 1973 mpaka Julai 1974. Hiyo ni tarehe ya kusajiliwa, na gari linaweza kuwa lilikaa kwa muuzaji miezi likiwa jipya. Tena kule mtu anaweza kuhamisha namba aipendayo kutoka gari moja kwenda jingine. Na ukikuta pleti inaanza na Q, ujue serikali yenyewe ilishindwa kuthibitisha umri au asili ya gari, kwahiyo na wewe usijifanye unajua.

Ninachokipenda mimi ni vitu vidogo. Dainamo, mota ya waipa, mota ya kuwashia, vingi ni vya Lucas na vingi vimegongwa mwezi na mwaka kwenye ganda, 3 67 yaani Machi 1967. Ukikuta vitatu vinne vyote vimekaa ndani ya miezi michache, basi gari limezaliwa muda mfupi baada ya kile cha mwisho. Ukikuta kimoja cha 67, kingine cha 74, kingine cha 71, basi limeshafunguliwa na mafundi wengi na unanunua mchanganyiko.

Kwenye spea Reliant ni kati kwa kati. Kiwanda kilishafunga lakini vilabu vya wenye magari haya kule Uingereza viko macho, na kwasababu injini ya aluminiamu ilitumika miaka mingi kwenye Regal, Bond Bug (nayo ya Reliant), Robin na Rialto, pistoni, gaskiti na beringi za konrodi zinapatikana. Injini ina silinda za kuchomoa zinazokaa ndani ya maji, kwahiyo hata silinda ikiisha hutupi bloku, unabadilisha mkono wa silinda, yaani hiyo ya kuchomoa, tu. Ila zile gaskiti nyembamba za chini ya mikono ukizikosea maji yanaingia kwenye oili, na huko hutaki kwenda.

Kinachoua Reliant ni chesisi. Fibaglasi haili kutu, inapakwa rangi inapendeza, na chini yake chuma kimekuwa biskuti. Nenda na bisibisi, lala chini, chokonoa. Muuzaji akikasirika ondoka.

Piaggio Ape

Ape ni nyuki kwa Kiitaliano, Vespa ni nyigu, na undugu wao uko wazi kuliko majina. Ya 1948 ilikuwa Vespa ya 125cc iliyowekewa ekseli ya magurudumu mawili na karai la mizigo nyuma, dereva anakaa wazi. Kebini ilikuja na model C mwaka 1956. Mwishoni mwa miaka ya 60 injini ikahamishwa nyuma kwenye modeli ya MP, Ape 50 ndogo ikaja 1969, mwanzoni mwa 70 Ape Car ikaja na usukani wa mviringo badala ya hendeli. Kwa hiyo ukisimama hatua tano mbali unaweza kupata muongo: wazi au ina kebini, injini iko wapi, hendeli au usukani.

Kutoka muongo kwenda mwaka ndo kazi. Namba za zamani za Piaggio zina kiambishi cha herufi na tarakimu halafu namba ya mfululizo, cha fremu kinaishia T, telaio, yaani fremu, na cha injini kinaishia M, motore. Hizo herufi za mbele ya T na M zikifanana, una injini inayoendana na fremu. Zisipofanana siyo mwisho wa dunia ila bei ishuke. Kisha unapeleka namba kwenye orodha za wapenzi wa Piaggio zinazoonyesha mwaka kwa mfululizo. Utakuta pia kuna namba imetanguliwa na IGM, watu wanaichukua kama mwaka au namba ya fremu, kumbe ni namba ya idhini ya aina hiyo ya chombo, zinafanana kwa maelfu ya vyombo.

Tatizo la Ape ni kwamba ilikuwa mfanyakazi. Haikuwekwa kwenye gereji ikifunikwa shuka, ilibeba saruji. Kwahiyo nyingi zimeunganishwa kutoka mbili au tatu, na siku hizi nyingine zimekatwa karai zikageuzwa vibanda vya kahawa, ukitaka kuirudisha ya asili unatafuta nusu ya chombo. Ukiona rangi nzuri mno ya siku mbili tatu weka sumaku juu ya bodi, isipong'ang'ania hapo kuna pati nene kama mkate.

Spea za injini ni raha. Ape 50 imetengenezwa zaidi ya miaka 50, injini yake ni ya ukoo wa Vespa ndogo, kwahiyo pistoni, klachi, platini, oili sili unavipata kwa watu wa Vespa. Kisichopatikana kirahisi ni kile ambacho Vespa haina: difu, gia ya rivasi, ekseli za nyuma, na bati za bodi za modeli za miaka ya 50. Kabla hujanunua hakikisha difu haivumi na rivasi inaingia, mengine utayapata. Injini ni ya kuchanganya petroli na oili, na sili za krankshafti zikizeeka inavuta hewa na kujichoma pistoni, hizo badilisha hata kama zinaonekana nzima.

Spea yenyewe: ya stoo, ya kuchomoa au ya kukopi

Hapa vyote vitatu vinafanana kwahiyo sikai sana. Mpya ya zamani iliyolala stoo kwenye boksi lake ndo watu wanaipenda, na kwa gia, krankshafti na kabureta nakubali, lipa. Kwa kitu chochote cha mpira hapana. Oili sili iliyokaa kwenye boksi miaka 40 imekauka, boksi ni zuri sili ni takataka. Ya kuchomoa ni nzuri kwa chuma na bodi, mbaya kwa chochote kinachosuguana. Ya kukopi nzuri kwa plastiki, mipira na nyaya, na kwa vyuma vya ndani ya injini pima kwanza kabla ya kufunga.

Beringi na sili usiagize kwa jina la chombo kabisa. Ile beringi ina namba pembeni, 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14 milimita popote duniani, na sili imeandikwa vipimo vyake usoni. Nenda duka la beringi. Ukisema ni ya ATC au ya Ape utauziwa ileile kwa bei ya mapenzi.

Basi uchague ipi

Kama ni mara yako ya kwanza na unataka kitu kitakachoisha kabla hujakichukia, chukua ATC110 au ATC200 yoyote ya kawaida ya 1981 mpaka 1985 kwa soko la Marekani. Mwaka umeandikwa, katalogi ipo, injini inabebeka na mtu mmoja. Achana na 250R kwanza.

Kama unataka kitu cha kukaa ndani na familia, Robin ya 848cc, yaani 1975 kuja juu, sharti chesisi iwe nzima. Regal za Mk I mpaka Mk VI waachie wenye subira na mashine ya kuchongea.

Ape chukua kama tayari una fundi wa Vespa au we mwenyewe ndo fundi, na chukua Ape 50 au ya miaka ya 70, siyo ya 1948 uliyoiona kwenye picha, hiyo ya 1948 kila mtu anaitaka.

Messerschmitt KR200, ya 1955 mpaka 1964, ni tamu kuisimulia, injini ya Sachs 191cc unaizima unaiwasha izunguke kinyume na unapata gia zote nne za kurudi nyuma. Isetta nayo mlango uko puani. Mwaka wa hizo unajulikana, spea za kukopi zipo kwa mashabiki, ila kila kitu kinauzwa kama dhahabu. Isetta uhesabu magurudumu kwanza, nyingi zina mawili ya nyuma yaliyobanana, ya magurudumu matatu halisi ilitengenezwa hasa Uingereza.

Ile seti yangu ya gaskiti ya 1983 mpaka 1985 bado imening'inia kwenye msumari gereji, haijafunguliwa zaidi ya ile moja ya chini ya silinda. Mwenye 200X ya D, E au F tuongee, ila kwanza nitumie picha ya namba ya fremu, na chaki iwe inaonekana.